Trekta la Kijivu la Harry Ferguson na Pacha Wake wa Marekani

Mwaka 1917 idara ya kilimo ya Ireland ilimtuma Harry Ferguson, fundi wa magari wa Belfast, azunguke mashambani kukagua matrekta. Siku hizo plau ilikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Iliponasa kwenye jiwe, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ikainuka, trekta likampindukia dereva. Jawabu la Ferguson lilikomaa miaka ya 1930: plau ishikwe kwa mikono mitatu, iinuliwe kwa haidroli, na uzito wa kulima uikandamize pua ardhini. Karibu kila trekta linalolima leo, Uasin Gishu au Manyara, lina mikono hiyo mitatu.

Mwaka 1938 alimwonyesha Henry Ford mtambo wake huko Michigan. Wakapeana mikono, bila hata karatasi. Mwaka uliofuata likatoka Ford 9N. Ford alipomwachia mjukuu wake kampuni, mapatano yale yakavunjwa, na Ferguson, ambaye tangu 1946 alikuwa akiuza TE20 iliyoundwa Coventry, akaenda mahakamani. Kesi iliisha 1952 kwa Ford kukubali kulipa dola milioni 9.25.

Ugomvi huo ndio unaomchanganya mtu aliyekuta trekta limelala kwenye nyasi na kutu mwili mzima, kwa kuwa TE20 na 9N zinafanana sana. Rangi haiaminiki. Ferguson alipaka kijivu tupu, lakini baada ya 1957, Massey Ferguson iliyorithi kazi yake ilipoanza kutoa matrekta mekundu, wazee wengi wa kijivu nao walipakwa nyekundu. Kwangueni kidogo chini ya tangi kabla ya kusema lolote. Kisha tazameni giya: 9N ina tatu za mbele, TE20 ina nne. Boneti ya TE20 hufunguka kwa kulala mbele. Na dalili niipendayo kuliko zote ni starta: TE20 huwashwa kwa mkono wa giya wenyewe, ukisukumwa kwenye herufi S, hivyo injini haiwezi kuwaka trekta likiwa ndani ya giya. Mtu aliyebuni hilo alikuwa bado anamfikiria yule dereva aliyepindukiwa.

Kibao cha asili kilichopo kwenye dashibodi humaliza ubishi. TEA ni petroli, TED ni mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa, TEF ni dizeli. Inauma kuona watu wakianza na brashi ya waya na kukifuta kabisa, namba na yote, kisha wakauliza trekta ni la mwaka gani.

Injini iliyoganda isilazimishwe. Toa plagi, mimina mafuta laini juu ya pistoni, acha siku kadhaa, halafu jaribu kuizungusha kwa mkono, taratibu. Nyundo huvunja kilichokuwa kizima. Kwa nati nyingi, spana moja ya Ferguson yatosha. Ina alama za inchi, mkulima aipimie plau yake.

Vipuri vipo, maana TE20 zaidi ya 500,000 ziliundwa hadi 1956. Vibao vipya navyo vinauzwa, vimeng'aa na namba yoyote unayotaka. Kwa hiyo, ukiletewa trekta lililokwisha kupakwa rangi, soma pia namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini kabla ya kutoa pesa.