Kutokoma: Istilahi ya Hisabati na Ukimya wa Msomaji

Istilahi inayochunguzwa katika makala haya ni ile inayotaja hali ya kitu kisichokuwa na ukomo, ambayo wanahisabati huiandikia alama iliyo mithili ya nane iliyolazwa, ∞, iliyoanza kutumiwa kwa maana hiyo na Mwingereza John Wallis mwaka 1655. Katika Kiswahili hali hiyo imekuwa ikitajwa kwa maneno kadhaa yanayogombania nafasi moja, yaani kutokuwa na mwisho, kutohesabika, umilele, kutokuwa na kikomo na, kwa baadhi ya waandishi, infiniti. Wingi huo wa maneno ungekuwa utajiri kama kila neno lingepewa kazi yake. Ilivyo sasa, maneno hayo hubadilishana nafasi ovyo, na anayeumia ni kijana anayekutana na dhana yenyewe kwa mara ya kwanza akiwa peke yake na daftari lake.

Kijana huyo, awe wa Mbagala au Tandika upande wa Temeke jijini Dar es Salaam, au wa Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, hukutana na dhana hii mapema kuliko inavyodhaniwa. Katika shule za msingi za serikali, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967, hufundishwa kugawanya, na siku moja hupewa 1 agawanye kwa 3. Moja kwa tatu haigawanyiki, basi huandika sifuri na nukta, huchukua kumi, kumi kugawanya kwa tatu ni tatu, baki moja. Moja hiyo inageuka tena kumi, kumi kwa tatu ni tatu, baki moja. Baki ni ileile kila mara, na kwa kuwa baki ni ileile, jibu nalo haliwezi kubadilika: 0.3333, mpaka mstari wa daftari umalizike. Mwalimu humwambia aishie kwenye nafasi mbili za desimali, jambo ambalo ni sahihi kwa mtihani. Lakini mtoto mwenye kufikiri huwa ameshaona kwamba kilichomalizika ni karatasi na wala si hesabu. Hapo ndipo dhana inapozaliwa, na inazaliwa kwa Kiswahili. Miaka michache baadaye, akiingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, na swali alilokuwa nalo linabaki upande wa pili likiwa halina jina.

Tukiyapima maneno yaliyopo moja baada ya jingine, neno mwisho ndilo jepesi kulipata na ndilo jepesi kupotosha. Duara halina mwanzo wala mwisho, ilhali mzingo wake unapimika kwa uzi na rula. Kinyume chake, kipande cha mstari chenye urefu wa sentimita 1 kina mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, na bado ndani yake mna nukta zisizo na ukomo. Kuwa na mwisho ni jambo linalohusu kingo za kitu, na dhana inayotafutwa haihusu kingo. Neno kutohesabika nalo katika usemi wa kila siku lina maana ya wingi mkubwa tu, kama watu wanaposema kwamba umati ulikuwa hauhesabiki. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam na kupata 5,383,728, idadi ambayo aliyesimama kwenye kituo cha mabasi cha Mbagala Rangi Tatu jioni anaweza kuiona haina hesabu, lakini imehesabiwa na ina ukomo wake. Zaidi ya hayo, namba 1, 2, 3 na kuendelea hazina ukomo, na hata hivyo ndizo za kuhesabia zenyewe. Kuziita zisizohesabika ni kujipinga. Umilele ni neno la wakati, na Kiswahili kimelitunza vizuri pamoja na ndugu zake azali, yaani wakati usio na mwanzo, na abadi, yaani wakati usio na mwisho. Tofauti hiyo ni ya thamani kubwa katika elimu ya dini na falsafa, nayo inastahili kuachwa huko.

Linabaki kikomo, na hili linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu kosa lake limejificha. Katika tawi la hisabati linaloshughulikia mabadiliko, kikomo ni neno linalofaa mno kwa thamani ambayo hesabu huikaribia daima pasipo kulazimika kuifikia. Mfano wake ni kujumlisha nusu, kisha robo, kisha thumuni, kisha sehemu moja ya kumi na sita, na kuendelea kwa kuchukua kila mara nusu ya kilichotangulia. Anayejumlisha atapata nusu, halafu robo tatu, halafu thumuni saba, na kila hatua itamkaribisha kwenye 1 bila kumvusha. Moja hiyo ndiyo kikomo cha mfululizo. Sasa, mfululizo huo una hatua ngapi? Ikiwa jibu ni kwamba hatua zake hazina kikomo, mwanafunzi atasoma katika ukurasa mmoja kwamba mfululizo usio na kikomo una kikomo, na atakuwa na haki ya kufunga kitabu. Ugumu huo haumo katika hisabati hata chembe; umo katika neno moja lililopewa kazi mbili.

Njia ya kutoka imo katika kitenzi chenyewe cha kukoma, ambacho Kiswahili kinakinyambua kwa namna inayomfaa mwanahisabati. Kikomo, katika ngeli ya KI-VI, ni kitu mahususi kinachoweza kuonyeshwa na hata kuwekwa katika wingi, vikomo. Ukomo, katika ngeli ya U, ni sifa ya kuwa na mpaka, na Watanzania tayari wanalitumia neno hilo hivyo wanapozungumzia ukomo wa bajeti au ukomo wa madaraka. Kutokoma ni kitenzi-jina kilichokanushwa kwa -to-, na kinataja tendo linaloendelea bila kufika tamati. Kwa mgawanyo huo, mfululizo uliotajwa una hatua zisizo na ukomo na una kikomo, ambacho ni 1, na sentensi hiyo haimkanganyi mtu. Pingamizi moja la kweli ni kwamba ukomo umeachana na ukoma, jina la ugonjwa, kwa irabu moja tu, na kosa dogo la uchapaji linaweza kuleta maana mbaya. Lakini hilo ni jukumu la mhariri, na si sababu ya kuliacha neno zuri.

Mgawanyo huu una faida nyingine. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitenganisha kutokoma kwa uwezekano, yaani tendo ambalo daima linaweza kuongezwa hatua moja, na kutokoma kulikotimia, yaani mkusanyo mzima usio na ukomo uliopo kwa pamoja. Aliikubali hali ya kwanza na kuikataa ya pili. Kiswahili kinaweza kuzitaja hali hizo mbili bila kukopa popote: kutokoma kwa kuhesabu ni ya kwanza, na seti isiyo na ukomo ni ya pili. Aliyeithibitishia seti hiyo nafasi yake katika hisabati ni Mjerumani Georg Cantor, na njia yake ilianza na jambo ambalo kondakta wa daladala hulifanya kila asubuhi, kwani akiona kila kiti kina abiria mmoja na hakuna aliyesimama, anajua viti na abiria ni sawa kwa idadi ingawa hajahesabu hata kimoja. Kulinganisha huko kwa moja kwa moja kukihamishiwa kwenye namba, 1 hupewa 2, 2 hupewa 4, 3 hupewa 6, na kila namba hupata mwenzake wa shufwa bila yeyote kubaki. Kwa hiyo namba shufwa, ambazo mtu angedhani ni nusu tu ya namba zote, ni sawa nazo kwa idadi. Mwaka 1874 Cantor alionyesha kwamba ulinganisho kama huo haukubali kwa namba zote zilizomo katika mstari, hata uwe mfupi kiasi gani, na kwamba seti zisizo na ukomo hazilingani zote. Hapa ndipo kutohesabika kunapopata kazi yake halali, yaani kutaja seti ambayo haiwezi kulinganishwa na namba za kuhesabia, na ndiyo sababu ni hasara kulitumia neno hilo kwa kila kilicho kingi.

Mambo haya hayaingii kichwani kwa kusikilizwa mara moja, na hapo suala la istilahi linagusana na suala la kusoma. Kusoma katika Kiswahili kwa muda mrefu kumekuwa tendo la sauti: maulidi husomwa, risala husomwa, na mtoto wa madrasa na wa darasa la kwanza wote huanza kwa kutamka. Lakini lugha ina pia neno kimoyomoyo, linalotaja kusoma au kusema ndani ya moyo pasipo kutoa sauti, na usomaji huo ndio unaohitajiwa na dhana ya kutokoma. Anayehesabu kwa sauti, namba moja kila sekunde bila kulala wala kula, atafika milioni 1 baada ya siku 11 na nusu hivi, na bilioni 1 baada ya takribani miaka 31 na miezi 8, naye atakuwa hajakukaribia kutokoma kuliko alipoanza. Mtoto aliyenyamaza na kutambua kwamba kila namba inakubali kuongezewa 1 amekwisha kuelewa jambo hilo lote. Kuhesabu kunaweza kufanywa kwa kelele, ila kuelewa kwamba kuhesabu hakukomi ni kazi ya ukimya.

Ukimya huo una bei katika mitaa inayozungumziwa. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na familia sita, uwanja mmoja na choo kimoja, redio ya mmoja ni redio ya wote, na ukuta haumzuii jirani. Vijana wengi husoma alfajiri kabla ya pikipiki za kwanza, au usiku wa manane watu wakishalala. Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 1967 iko katikati ya Jiji, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kutoka Chamazi au Bunju ni safari inayodai nauli ya kwenda na kurudi. Anayefika huko hukuta kimya, lakini anayetaka kitabu cha Kiswahili kinachoeleza kazi ya Cantor kwa kijana wa umri wake atatafuta sana. Fasihi imetangulia: mwandishi Euphrase Kezilahabi, katika riwaya zake fupi za Nagona na Mzingile, aliuachia wakati usiende kwa mstari mnyoofu, na wasomaji vijana wamezisoma kwa Kiswahili na kuzijadili. Sayansi nayo ilipata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990, ambayo kama jina lake linavyoonyesha haikuihusu hisabati.

Kwa hiyo Baraza la Kiswahili la Taifa, pamoja na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyorithi kazi za TUKI, lina sababu ya kuyatenga maneno haya rasmi: kikomo kwa thamani inayokaribiwa, ukomo kwa sifa ya kuwa na mpaka, kutokoma kwa hali ya kuendelea bila tamati, na kutohesabika kwa seti zinazozizidi namba za kuhesabia. Waandishi wa vitabu vya Hisabati wasisubiri tangazo. Waanze kuyatumia hivyo sasa, wayafafanue pale yanapojitokeza kwa mara ya kwanza, na waandike kwa urefu unaomruhusu msomaji kufikiri. Wazazi na wenye nyumba, kwa upande wao, wakubaliane muda wa saa moja kila jioni ambao redio zote za uwanjani zitazimwa ili mwenye kitabu asome.