Kizimba na Kimbilio: Wanyamapori wa Entebbe na Ngamba, 1952–1998

Bustani ya wanyama ya Entebbe, nchini Uganda, ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 ili kuwatunza wanyamapori yatima na majeruhi. Katika miaka ya 1960 ikageuzwa kuwa ya maonyesho; hata dubu na chui-milia, wageni kabisa Uganda, wakafungiwa humo. Mwaka 1994 ilikabidhiwa jukumu la elimu ya uhifadhi, lakini swali la kimaadili halikwisha. Mwaka 1998 sokwe waliookolewa mikononi mwa walanguzi walipelekwa kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Viktoria. Sokwe aliyeporwa kwa mamaye angali mchanga hakujifunza kuishi porini. Kumwachilia huko ni kumtupa. Kisiwani wanao msitu, ila hautoshi kuwalisha. Hulishwa na walezi, na majike huzuiwa kushika mimba, kwa kuwa mtoto wa hapo naye angezaliwa mateka.