Ufasaha wa Kusoma Ulivyoanza Rungwe
Wamisionari wa Kimoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walifundisha kusoma kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mtoto aliisikia jikoni na chini ya migomba. Akishaunganisha silabi, neno lililotoka mdomoni alilijua tayari, hakuwa na sababu ya kusitasita. Wapo watakaosema wengi walikariri tu maandiko na nyimbo. Ni kweli, lakini kurudia kifungu kilekile kwa sauti ndiyo mazoezi yenyewe ya ufasaha. Baadaye Kiswahili kikawa lugha ya shule za msingi, kikatuunganisha kama taifa, na sidai tukiache. Ila hata leo, mtoto wa kijijini karibu na Tukuyu anayezungumza Kinyakyusa nyumbani hujifunza herufi na lugha kwa pamoja. Walimu, mpeni kwanza nafasi ya kusimulia hadithi kwa Kiswahili, ndipo aisome hiyohiyo kwa sauti, tena na tena.