Mpiga Hesabu Aliyekuwa Profesa wa Umeme

Yamkini, msomaji, umepata kusimama chini ya nyaya nene za stima zilizopitishwa juu ya nguzo ndefu za chuma, ukasikia zinavyovuma. Nyaya hizo hazikutandazwa kwa kukisia. Umeme usafiripo mbali nguvu zake hubadilika njiani, na hapana budi mhandisi ajue, kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa, ni kiasi gani kitakachofika mwisho wa safari. Zamani hesabu hizo zilifanywa kwa mkono, nazo zilikuwa ndefu na za kuchosha mno. Mmoja wa waliozifupisha alikuwa Edith Clarke wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1883 katika jimbo la Maryland, akawa yatima angali mtoto wa miaka 12. Alipokabidhiwa fungu lake la urithi alilitumia kulipia masomo katika chuo cha Vassar, akahitimu mwaka 1908 katika hesabu na elimu ya nyota. Alifundisha kwa muda, kisha akaajiriwa na kampuni ya simu kuwa mpiga hesabu. Siku zile kompyuta haikuwa mashine. Walioitwa kwa jina hilo walikuwa watu, na wengi wao wanawake, waliokaa kutwa wakiwatafutia wahandisi majibu ya hesabu zao.

Mwaka 1919 alipata shahada ya pili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, na kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyepata kuipokea huko. Je, wadhani alipewa kazi ya uhandisi? La! Kampuni ya General Electric ilimchukua, lakini ili awasimamie wapiga hesabu. Akiwa huko alibuni kikokotoo chepesi cha michoro, ambacho kwacho hesabu za nyaya ndefu ziliweza kumalizika upesi mara kumi kuliko hapo awali. Hata hivyo cheo hakikuja. Basi mwaka 1921 akaacha kazi, akavuka bahari mpaka Istanbul, Uturuki, kufundisha fizikia katika chuo cha wanawake. Sisi walimu hupenda kuwasifu wenye subira. Lakini mimi naona kwamba kuondoka kule kulimfaa kuliko kungoja, kwani aliporejea mwaka 1922 kampuni ile ile ilimwajiri akiwa mhandisi.

Mwaka 1943 alitoa kitabu juu ya hesabu za mitambo mikubwa ya umeme, na wanafunzi wengi wa uhandisi walikisoma. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 64, ambapo wenziwe walikuwa wakipumzika, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilimwita. Huko ndiko alikokuwa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuwa profesa wa uhandisi wa umeme. Alifundisha karibu miaka 10, kisha akarudi kwao Maryland, alikofariki mwaka 1959. Wahandisi hata leo hulitaja jina lake wanapogeuza hesabu za nyaya tatu za umeme kuwa za mbili, kwa njia aliyoibuni yeye.