Hesabu Mikanda Kabla ya Vitanda: Historia Fupi ya Gari-Nyumba

Siku hizi ukifungua simu, kuna mtu anaishi kwa gari. Kitanda, jiko, pazia, na jua linazama nyuma ya mlima. Mzazi akiona hivyo anaanza kuwaza: si tuchange doo tununue moja iliyotumika, Desemba twende nayo Coast na watoto? Wazo si baya. Lakini kabla uulize bei, uliza historia. Kila kasoro utakayokagua kwa hiyo gari iko na hadithi yake.

Tuanze na 1885. Daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Gordon Stables, aliagiza nyumba ya magurudumu ikaitwa The Wanderer. Ilivutwa na farasi wawili. Jamii za Roma zilikuwa zikiishi kwenye magari ya farasi kitambo, na ziliitwa wazururaji. Tajiri alipofanya hivyo hivyo, ikaitwa likizo. Hiyo tofauti bado iko: mwenye hela anapiga kambi, asiye nayo anafukuzwa.

Mwaka wa 1947, Mholanzi Ben Pon alichora van kwa daftari baada ya kuona mkokoteni wa injini ukibeba mizigo kiwandani kwa Volkswagen. Van yenyewe ikaanza kutengenezwa 1950, ile sisi tunaita Kombi. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaleta samani za kuweka ndani na kutoa: wiki nzima gari inafanya kazi, wikendi inalala familia. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipopata nafasi.

Halafu Marekani, 1966, Winnebago ikaanza kutoa gari-nyumba kwa mstari wa kiwanda kule Iowa. Kubwa, zina kila kitu, na zinakunywa mafuta. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipofika, mauzo yakaanguka. Funzo liko wazi: bei ya kununua ni mlango tu, nyumba yenyewe ni mafuta. Usilipie ukubwa utakaoutumia wiki mbili kwa mwaka.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hivyo ile Kombi ya kale unayoipenda kule Ujerumani, sahau. Utakachopata hapa ni gari iliyoingia kitambo, au van ya Kijapani kama HiAce iliyogeuzwa na fundi. Hapo ndipo kazi iko.

Moja, mikanda. Kombi ilikoma kutengenezwa Brazil mwisho wa 2013 kwa sababu sheria mpya ilidai mifuko ya hewa na breki za ABS. Watu walililia hiyo gari, lakini dereva wake alikuwa ameketi mbele kabisa, miguu yake ndiyo bampa. Sisi wenyewe tulifunzwa mikanda kwa nguvu na sheria za Michuki 2004. Sasa mbona mtoto alale kitandani gari ikikimbia Mombasa Road? Wauzaji husema "inalala watu sita." Wewe uliza inabeba wangapi wakiwa wamefunga mkanda, kwa kiti kilichofungwa chuma kwa chuma. Jibu likiwa watatu na nyinyi ni watano, ondoka.

Mbili, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 80, watu watano wa wastani wa kilo 55, tayari ni kilo 355. Ongeza kabati, betri, mtungi wa gesi, magodoro na unga wa kupelekea shosh. Sikumaliza chuo, lakini hiyo hesabu haihitaji digrii. Soma bamba la uzito, kisha peleka gari kwa mizani ikiwa imejaa.

Tatu, maji na moto. Bonyeza kuta karibu na madirisha na pale paa lilipokatwa. Pakiwa laini, mbao imeoza ndani. Nusa kabati la gesi. Kwa Kombi kuukuu, injini iko nyuma, karibu na kitanda, kwa hivyo mipira ya petroli iliyopasuka si jambo la kesho. Na usipike wala kuwasha jiko la makaa usiku mkiwa mmefunga madirisha. Hewa ya sumu haina harufu.

Nne, logbuku iseme kile macho yako yanaona. Kama imeandikwa van ya mizigo na ndani kuna vitanda, bima ikikataa kulipa utalilia nani?

Pazia na taa za rangi unaweza kuweka baadaye, hata Gikomba zipo. Mkanda ambao haukufungwa vizuri, utaujua siku moja tu. Nyinyi mngechukua gani, HiAce ya fundi au Kombi ya babu? Semeni hapo chini.