Tochi ya LED ya Mfukoni

Tochi ya LED, au kurunzi ya LED, ni taa ya mkononi inayotoa mwanga kwa diodi badala ya balbu ya waya. Tochi ya bomba ilipewa hataza Marekani mwaka 1899 kwa jina la David Misell, na kwa miongo mingi ilibaki na ugonjwa uleule: ikianguka, uzi wa balbu hukatika. Mwanga mweupe wa diodi uliwezekana baada ya Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, kubuni diodi ya bluu yenye nguvu, ambayo hupakwa kemikali ya njano inayong'aa (fosfa) ili itoe weupe. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Diodi huwaka maelfu ya saa, kwa hiyo si yenyewe inayoua tochi. Muuaji mkuu ni betri. Tochi nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki, zile zenye plagi ya kukunja, hubeba ndani betri ndogo ya risasi na asidi. Ikikaa miezi bila chaji, salfeti huganda kwenye mabamba yake na umeme hauingii tena. Basi tochi hutupwa na diodi zake zote zikiwa nzima. Mawe ya alkali nayo huvuja yakisahaulika ndani, na majimaji yake hula springi. Anayetaka tochi ya kudumu achague ile ambayo betri yake hutoka, iwe AA ya kuchaji au lithiamu ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Betri nzuri ya 18650 huwa na uwezo wa karibu mAh 3500. Iliyoandikwa 9900 ni uongo mtupu.

Joto hufuata. Diodi ikizidi moto hufifia na kuchakaa mapema, ndiyo maana gamba la alumini ni bora kuliko plastiki: hulipeleka joto nje. Tochi ndogo inayojigamba kwa mwanga wa lumeni elfu moja huzitoa kwa dakika chache tu, kisha hujipunguza yenyewe. Kutafuta kitasa cha mlango umeme ukikatika, lumeni 20 zinatosha. Kwa njia yenye mashimo, 200.

Kipimo cha kuaminika ni kiwango cha ANSI FL1, kilichotolewa mwaka 2009. Kinahesabu muda wa kuwaka hadi mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, na tochi inayotajiwa uwezo wa kustahimili kuanguka lazima ijaribiwe angalau kutoka mita moja. Alama ya IPX4 inamaanisha inahimili maji ya kurushiwa. IPX7, kuzamishwa mita moja kwa dakika 30.

Swichi ya kubofya nyuma hukata umeme kabisa. Ya kielektroniki hunyonya betri kidogo hata tochi ikiwa imezimwa.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha nyuma: kizunguke bila kukwama, pete ya mpira iwepo, springi iwe ngumu. Muuzaji akikataa kifunguliwe, nenda duka jingine.