Asili ya Neno "Gereza": Msalaba na Ngome katika Pwani Yetu

Wasomaji wetu wanafahamu kwamba Kireno kilikiachia Kiswahili maneno kama meza, leso, bendera na mvinyo. Lipo jingine linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nalo ni gereza. Wataalamu wengi wa lugha hukubaliana kwamba asili yake ni igreja, yaani kanisa. Je, nyumba ya ibada iligeukaje kuwa nyumba ya wafungwa?

Jibu limo katika historia. Mwaka 1455 Papa Nicholas V alimwidhinishia mfalme wa Ureno kuzimiliki nchi atakazoziteka, na kujenga humo makanisa na kupeleka mapadri. Tangu hapo utawala, biashara na dini vilisafiri katika merikebu moja. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, mapadri walishuka na misalaba, na ngome ikajengwa. Huko Mombasa walianza mwaka 1593 kujenga ngome waliyoipa jina la Yesu, na mwaka 1597 watawa wa Mtakatifu Agostino wakafungua nyumba yao mjini humo.

Uhusiano huo uliwagharimu wote. Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alilelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1631 aliwaasi Wareno, akaiteka ngome na kurudia Uislamu. Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliuawa.

Kwa mwenyeji, basi, kanisa na ngome vilikuwa kitu kimoja. Ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza hadi leo. Unguja nako, Waomani walijenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kutoka ngome, maana ya neno ikahamia kwenye kifungo. Padri lilibaki na maana yake, lakini nyumba ya ibada ya Wakristo huitwa kanisa, neno lenye asili ya Kiarabu.

Hapa pana funzo kwetu sisi tunaosanifu istilahi. Tunaweza kulipa neno umbo, lakini maana hutolewa na watu kwa yale waliyoyaona. Tukiita ofisi kwa jina la huduma, na mwananchi akakuta humo usumbufu, jina hilo litakuja kumaanisha usumbufu, hata kamusi zetu zikisema vingine.